Mbwa wa Jikoni kwa Faustina

Katika Mtaa wa Mikaratusi, jijini Mbeya, Mzee Sedekia Mwakalinga alisikika kabla hajaonekana. Alikuwa na kikohozi kikavu, kirefu, chenye mkwaruzo mwishoni, na mgeni akikisikia mara ya kwanza alikuwa anamwonea huruma. Huruma ya bure. Kifua cha mzee kilikuwa kizima kabisa. Kilichomsumbua ni magoti na presha, na daktari alikuwa amemwambia dawa yake kubwa ni kutembea kila siku. Kile kikohozi kilikuwa cha adabu.

Mambo yalikuwa hivi. Nyumba ya mzee ilikuwa nyuma, ya mwanawe Ombeni ilikuwa mbele, na njia ya karibu ya kutokea barabarani ilikuwa kichochoro kilichopita mlangoni kabisa mwa jiko la Faustina, mke wa Ombeni. Na kwa Wanyakyusa wa zamani, baba mkwe na mke wa mwanawe hawaonani uso kwa uso, hawasemeshani, wala hawapishani njiani. Siku hizi wengi wameshaiacha desturi hiyo. Wapo wanaopiga picha harusini wamekumbatiana na wakwe zao, meno yote nje. Mzee Sedekia aliwahi kuonyeshwa picha ya namna hiyo kwenye simu ya jirani, akairudisha simu upesi na kwenda kunawa mikono.

Yeye alikuwa hajaacha. Kwa hiyo kila alipotaka kutoka, alisimama kwenye kona ya kichochoro akakohoa. Faustina alikuwa anaacha alichokishika, anajibanza nyuma ya mlango wa stoo, kisha anagonga sufuria kwa mwiko mara moja, ngo! Maana yake: nimeshajificha, pita salama. Mzee alikuwa anapita akiutazama ukuta wa pili, mkono kando ya shavu.

Sufuria lilikuwa wazo la Faustina mwenyewe. Yeye ni Mhehe wa Kalenga, kule Iringa, ambako mtu hapiti bila kusalimiwa hata kama ana haraka ya kwenda msalani. Juma lake la kwanza kama mke alilia, akidhani baba mkwe amemchukia tangu siku ya harusi. Ombeni akamweleza. Faustina akafuta machozi. "Kumbe ni heshima?" akasema. "Mngesema mapema. Heshima tutaiweza." Na kweli aliiweza, zaidi ya miaka kumi, bila kuteleza hata siku moja.

Sasa, mzee alikuwa fundi cherehani, na cherehani yake ilikaa mdomoni mwa kichochoro, upande wa barabarani. Alikuwa ameshona sare za shule, suti za maharusi, mapazia ya ukumbi wa kanisa, na majoho ya kwaya. Hapakuwa na kiuno katika Mikaratusi ambacho futi yake haikukizunguka, isipokuwa kimoja. Faustina alipojiunga na kwaya ilibidi ashonewe joho, na mzee angempimaje mtu asiyeruhusiwa kumtazama? Akakisia. Alipata vipimo kwa kuangalia gauni lililokuwa linakauka kwenye kamba, bila kujua kwamba gauni lile lilikuwa la shangazi yake Ombeni aliyekuja kutembea, mama wa mwili wa kutosha. Joho likatoka la watu wawili. Mikono yake ilimeza viganja vya Faustina na kubakiza kitambaa cha kufutia meza. Aliikunja mikono ile kila Jumapili, na ikikunjuka katikati ya wimbo aliikunja tena. Mzee aliyasikia haya kwa watu tu, maana kanisani alikuwa anakaa benchi la kwanza kabisa, pembeni, uso ukutani, ili asiione kwaya. Sauti ya mkwewe aliijua kwa kuichambua kati ya sauti nyingine, na ilikuwa inampendeza sana, ingawa hakuwahi kumwambia mtu.

Mkewe alipokuwa hai, maneno yote yalipita kwake. Alipofariki, kikabaki kikohozi na sufuria. Chakula cha mzee kilikuwa kinawekwa juu ya kigoda mlangoni pake, mfuniko unagongwa, hatua zinaondoka. Ugali wa moto, maharage yenye nazi ya kuomba kwa jirani, parachichi lililoiva sawasawa. Mzee alikuwa anakula peke yake akisema "Ndaga fijo", asante sana, kwa mlango.

Kisa kilianzia kwenye maandazi. Siku moja mzee alikohoa wakati mafuta yamechemka. Faustina akakimbilia stoo, akagonga sufuria, mzee akapita. Lakini kwenye kona akasimamishwa na mtu, wakaanza kuongea habari za mbolea, na Faustina hakuweza kutoka. Karai lote likaungua. Moshi ulitanda hadi majirani wakaja na ndoo. Mzee aliona aibu kubwa, na tangu siku hiyo akaacha kupita kichochoroni. Akawa anashukia nyuma, kandokando ya kijito, anavuka mfereji kwa ubao, anazunguka bohari ya Rasik, muuza vifaa vya ujenzi, ndipo anaibukia barabarani. Masika ubao ulimtupa. Alirudi nyumbani na kiatu kimoja, tope hadi masikioni, na magoti yakadai haki yao kwa muda mrefu.

Kwa hiyo lilipokuja tangazo kwamba mtaa utajengewa njia ya kutembea kwa miguu, yenye zege, taa na viti, na kwamba wakazi wenyewe ndio watakaosema ipite wapi, hakuna aliyefurahi kama Mzee Sedekia. Njia ile ikipita kandokando ya kijito, yeye atatembea kama daktari alivyotaka, na Faustina atakaanga maandazi yake kwa amani mpaka mwisho wa dunia. Hicho tu ndicho alichokitaka. Tatizo lilikuwa moja: asingeweza kuisema sababu mbele ya mkutano, kwa kuwa katibu wa kamati ya njia alikuwa Faustina.

Mkutano ulifanyika ukumbi wa kanisa. Afisa mipango miji, kijana aitwaye Marcelino, mgeni wa Mbeya ambaye bado alikuwa anavaa makoti mawili asubuhi, alikuja na ramani kubwa ya mtaa. Hakukuwa na ubao wa kuibandika, basi wakalileta godoro la sponji la mlinzi, wakalisimamisha ukutani na kuitandaza ramani juu yake. Kila mkazi akaombwa achukue uzi na pini, aonyeshe njia anayopita kila siku kutoka kwake hadi kanisani.

"Huu ndio ushirikishwaji," akasema Marcelino, kwa furaha ya kweli.

Mlangoni pakasikika kikohozi. Faustina aliyekuwa mezani na kalamu yake aliinuka bila kuulizwa, akapanda jukwaani, akajifunika nyuma ya pazia. Watu wa Mikaratusi hawakugeuza hata shingo. Marcelino peke yake alibaki ameduwaa.

"Katibu amekwenda wapi?"

"Yupo," akajibu Mama Gloria, mwenyekiti wa mtaa. "Endelea tu, baba. Katibu, unatuandika?"

Nyuma ya pazia kalamu ikagonga mbao: ko! Marcelino akaendelea, ila tangu hapo alikuwa analitazama lile pazia kwa wasiwasi.

Zamu ya mzee ikafika. Alikuja na uzi wake mwenyewe, mwekundu, kwani hakuamini uzi wa serikali. Akachomeka pini nyumbani kwake, akashuka kijitoni, akavuka mfereji, akazunguka bohari ya Rasik, akapanda barabara kuu, na kabla ya kufika kanisani uzi ukamwishia. Ikabidi aunganishe. Kanisa lilikuwa limetengana na nyumba yake kwa kichochoro tu. Watu wakacheka. Mzee naye, alipokuwa akifunga fundo, aliona uzi mwingine, wa buluu, ambao ulikuwa unazunguka vibaya kama wa kwake, ila kwa upande wa pili, kupitia mlimani kwenye mikaratusi. Akajisemea, masikini, kuna mwingine mwenye shida zake. Akamhurumia mwenye uzi ule.

"Mzee wangu," akasema Marcelino, "mbona unazunguka hivi? Si upite hapa katikati?"

Kila mtu aliijua sababu, na kila mtu alikuwa na hamu ya kusikia ataisemaje. Mzee akakohoa. Akatazama dari. Kitu cha kwanza kilichomjia ndicho kilichomtoka.

"Pale pana mbwa," akasema.

"Mbwa?"

"Mkali. Jikoni pale kwa mwanangu. Hapiti mtu."

Hakuna aliyecheka safari hii. Ombeni hakuwa na mbwa. Hajawahi kuwa na mbwa, hata paka alimhamia tu kwa hiari yake. Katika jiko lile alikuwa akikaa mtu mmoja tu, na mtu huyo alikuwa nyuma ya pazia akiandika muhtasari.

"Katibu ameandika hilo la mbwa?" akauliza Marcelino.

Kalamu ikagonga, taratibu: ko.

Marcelino akatangaza kwamba hilo ni suala la usalama, na kwamba Jumamosi wakazi wote watatembea pamoja njia zote mbili, ya kichochoroni na ya kijitoni, na mbwa huyo akaguliwe.

Aliyemfungua mzee macho ni Rasik. Hawa wawili walikua pamoja. Babu yake Rasik alifungua duka Mbeya enzi za punda, na Rasik mwenyewe anagombana kwa Kinyakyusa na kuhesabu kwa Kigujarati.

"Mwe, Sedekia! Mkwe wako umemwita mbwa."

"Nani? Mimi? Nimesema mbwa, sikumtaja mtu."

"Jiko lile lina watu wangapi?"

"Mmoja."

"Na mbwa wangapi?"

Mzee akakaa chini juu ya mfuko wa saruji. Akakaa pale mpaka mteja akautaka mfuko wenyewe.

Siku zilizofuata zilikuwa mbaya. Chakula kilikuja kama kawaida, lakini mfuniko haukugongwa. Alikuwa anafungua mlango anakuta sahani tu, imepoa. Akaenda kwenye kona, akakohoa. Sufuria halikulia. Akakohoa tena, cha pili kikatoka kama cha kweli. Ombeni, ambaye angeweza kubeba maneno ya msamaha, alikuwa Chunya na lori, anapakia tumbaku, na simu yake ilikuwa haishiki. Na baba mkwe hawezi kumwendea mkwewe kumwomba radhi. Ule mwiko uliomlinda miaka yote sasa ulikuwa umemfungia nje. Mzee alikosa usingizi. Alimpenda Faustina kama bintiye wa kumzaa, na hakuwa na mdomo wa kulisema.

Ijumaa akapata wazo, na lilikuwa baya kuliko la kwanza. Kama mbwa atakuwepo kweli, aliwaza, basi sikudanganya, na kama sikudanganya, basi sikumtukana mtu. Akaenda kwa Rasik kuazima mbwa wa bohari.

"Simba?" Rasik akashangaa. "Huyu ameibiwa mabati akiwa ameyalalia."

"Ana meno?"

"Anayo, ya kulia wali."

Jumamosi asubuhi, baada ya kukohoa bila kujibiwa, mzee alipita kichochoroni ameufunika uso kwa kofia, akamfunga Simba kwenye nguzo karibu na mlango wa jiko. Simba akalamba nguzo, akalala.

Muda si mrefu msafara ukafika. Mtaa mzima ulikuwa umetoka: wazee, kwaya, mama ntilie na mabeseni yao, na Marcelino mbele akimwaga chokaa kuonyesha mahali njia itakapopita. Faustina alikuwa jikoni, mlango umefungwa. Mzee alisimama nyuma ya watu, uso ukutani.

Marcelino akasimama hatua chache kutoka kwa Simba. Simba akafungua jicho, akamwona mgeni, akajilaza chali na kuinua miguu yote ili akunwe tumbo.

"Huyu ndiye?" akauliza Marcelino.

Mama Gloria alitazama viatu vyake. Marcelino akachuchumaa, akamkuna. Mkia wa Simba ukapiga vumbi kwa raha. Mzee Sedekia aliona maisha yake yote ya heshima, suti na majoho na benchi la kwanza, yanakwenda kuishia pale, mwongo mbele ya kanisa zima kwa ajili ya tumbo la mbwa wa kuazima.

Ndipo jikoni kukatoka mngurumo.

Ulianza chinichini, ukapanda, halafu ukapasuka: bweka la kutisha, zito, la mnyama wa ukubwa usiojulikana, likifuatiwa na lingine na lingine, na makucha, au pengine mwiko, yakiparua mlango kwa ndani. Bati la paa likatetemeka. Simba aliruka wima, akang'oa kamba, akapita katikati ya miguu ya wazee wa kanisa na kukimbilia bohari bila kugeuka. Marcelino alishatangulia. Alikuwa ng'ambo ya mfereji, ndoo ya chokaa imemmwagikia yeye.

"Imetosha!" alipiga kelele kutoka huko. "Nimejionea! Njia ipite kijitoni!"

Watu wa Mikaratusi walikuwa wanaumia mbavu kwa kuzuia kicheko. Wanakwaya waliijua sauti ile. Sauti ya pili, safu ya mbele. Mzee naye aliijua. Alikuwa ameisikia Jumapili nyingi akiichambua kutoka kwenye nyingine. Mkwe aliyemwita mbwa alikuwa amekubali kuwa mbwa, mbele ya mtaa, ili yeye asiaibike.

Alikuwa ameshinda. Njia ya kijitoni ameipata. Angenyamaza tu.

"Sasa nimeelewa," Marcelino akaendelea, akijipangusa chokaa, "kwa nini hata katibu wenu uzi wake wa buluu unazungukia mlimani! Mbwa wake mwenyewe anamzuia kupita kwa mzee!"

Mzee akageuka. "Uzi wa buluu ni wa nani?"

"Wa katibu," akasema Mama Gloria kwa sauti ya chini. "Hukujua, baba? Hapiti mbele ya cherehani yako. Hata akiwa na ndoo ya maji kichwani anazungukia mlimani, ili wewe usisumbuke kuacha kazi."

Macho ya mzee yalimlowa na hakuyaficha. Alifikiria ule mlima, magoti yake mwenyewe, na ndoo. Kisha akavua kofia.

"Wewe kijana, rudi huku," akamwita Marcelino. "Hapana mbwa hapa. Nilidanganya. Mimi nazunguka kijitoni kwa sababu yake, yeye anazunguka mlimani kwa sababu yangu, na ninyi wengine wote mnapita katikati. Njia ipite hapa. Mwiko huu aliuweka mkubwa, na mimi ndiye mkubwa wa nyumba hii. Nimeuondoa."

Akausogelea mlango wa jiko. Akakohoa, kwa mazoea. Ndani, baada ya muda, ngo! Watu wakashusha pumzi. Mzee akaegemeza paji la uso kwenye mbao na kusema kwa lugha ya kwao Faustina, salamu aliyokuwa akiisikia kwa wageni wa Iringa bila kuitumia:

"Kamwene, mwanangu."

Mtu alikuwa analia humo ndani, au anacheka, haikufahamika. Halafu sauti ikaja, imekauka kwa kubweka.

"Kamwene, baba."

Njia ilijengwa, na inapita pale hadi leo. Karibu na jiko kuna kiti cha zege, na mzee akimaliza mizunguko yake ya asubuhi hukaa hapo. Bado hukohoa akifika kwenye kona, na sufuria bado hulia, ila siku hizi maana yake ni kwamba chai iko tayari. Pembeni kuna kibao kilichoandikwa MBWA MKALI, kwa kuwa Marcelino alikuwa ameshakiagiza. Mama Gloria alitaka king'olewe. Faustina akakataa, anasema kinamsaidia na wanaokuja kukopa chumvi.

Siku ya kufungua njia kwaya iliimba, na Faustina alikuwa na joho jipya. Safari hii alipimwa. Mama Gloria alishika futi na kutaja namba, na mzee, ambaye mwiko alikuwa ameuondoa kwa mdomo lakini shingo ilikuwa bado inajifunza, alikata kitambaa akiwa amewapa mgongo, akizisikiliza namba nusunusu kwa furaha. Akakata fupi. Mikono ya joho iliishia kwenye viwiko.

Mzee Sedekia alikaa kiti cha mbele, katikati, uso kwa kwaya, akamwona mkwewe kwa mara ya kwanza tangu harusi. Akaona nywele za mvi mbili tatu alizokuwa hazijui. Akaona na mikono.

"Nimeharibu tena," akamwambia wimbo ulipokwisha.

Faustina akaitazama mikono yake iliyokuwa nje, akaigeuza huku na huku. "Hapana, baba," akasema. "Hii nzuri. Sasa naweza kupika nayo."